Pete ya Fedha ya Dhahabu

Harufu ya udi ilimpata Asmaa mlangoni pa kiwanda cha samaki, Changamwe, asubuhi wafanyakazi wakinawa mikono. Humo marashi yalikatazwa sawa na pete na kucha ndefu, maana minofu hunasa kila harufu. Kazi ya Asmaa ilikuwa hiyo: kukagua kofia ya nywele, barakoa, koti, glavu, gambuti. Aliyepungukiwa na kimoja, haingii.

"Nani kajifukiza?" aliuliza.

"Si mimi, madam," Quinter akamnyooshea mikono. "Mimi nanuka samaki tu. Paka wa ploti nzima wananifuata!"

Asmaa hakucheka. Jambo la jana lilimkaa kooni kama mwiba wa changu.

Dhahabu, binti wa mtaa wa Bofu, ndiye aliyeolewa na Ismail baada ya Ismail kumwacha Asmaa. Alipoajiriwa hapo kiwandani, Asmaa alifurahi kwa ubaya, Mola amsamehe. Na jana akamkuta na pete ya fedha kidoleni.

"Da Asmaa, nakuomba," Dhahabu alinong'ona. "Hii si pambo. Ni kiti cha mwenyewe. Nirudishe nyumbani, siku yangu ipotee, lakini usiivue."

Asmaa alimwelewa. Mwanamke gani wa Pwani asiyejua pete ya jini, anamokalishwa atulie asimsumbue mtu? Na kumrudisha nyumbani kulikuwa ndani ya uwezo wake. Ila foleni ilikuwa ndefu, na kisasi ni kitamu.

"Haya, oneni! Dhahabu avaa fedha!" alipaza sauti. "Waume za watu wawavua, pete yakushinda?"

Watu wakaangua kicheko, Quinter akiwashinda wote. Asmaa akaupaka ule mkono sabuni, akaivuta pete, akaitupa kwenye pipa la matumbo ya samaki, nalo likaenda na gari la taka.

Dhahabu hakulia. "Umemwondosha pake," alisema. "Atatafuta pengine."

Sasa udi ulizidi. Nyuma ya Quinter alisimama mtu mrefu, koti jeupe, barakoa mpaka machoni.

"Nyoosha mikono," Asmaa akamwambia.

Mtu yule akanyoosha, na Asmaa alipozishika zile glavu, ili atazame kama zimetoboka, vidole vyake vikazama ndani yake kama ndani ya mfuko mtupu, hamna mfupa, hamna nyama, hamna joto la binadamu, ila ule utupu ukamkamata kwa nguvu, ukamminya kidole cha pete mpaka akasikia kinalia kama kijiti kibichi, na nyuma ya barakoa ambako hapakuwa na mdomo sauti ikamuuliza kwa adabu, "Na mikono yako, mama, nani huikagua?"

"Madam, waongea na nani?" Quinter alimshtua. Hapakuwa na mtu.

Kufika adhuhuri kidole kilikuwa cheusi, chatoa harufu ya samaki aliyeoza. Mkono huo hauwezi kusimama mlangoni pa chakula, na Asmaa hakuwa na riziki nyingine. Akakimbilia Jomvu Kuu kwa Maalim Athmani, mjuzi wa mambo ya majini. Mzee alisikiliza kisa chote, akautazama mkono, asiuguse.

"Kisomo nitakusomea, mwanangu. Lakini umemdhulumu mtu. Ukamwombe radhi palepale ulipomvunjia heshima, mbele ya walewale."

"Nimpigie magoti yule, Maalim?"

"Mpigie. Kiburi ndicho mlango alioingilia."

Asubuhi yake, mbele ya foleni nzima, Asmaa akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya dawa. "Nilikufanyia kwa chuki, Dhahabu. Kazi niliifanya kisingizio. Nisamehe."

Dhahabu akainama, akamshika bega kwa huruma ya kweli.

"Mimi nimekusamehe, da Asmaa, wallahi. Tena tangu juzi nalala usingizi kama mtoto." Akamsogelea sikioni. "Lakini yeye hajasamehe. Wala hataki kurudi kwangu. Amepata pa kukaa."

Asmaa akafungua kinywa amtaje Mola, asiweze. Ulimi ulimlala kinywani kama wa mtu mwingine, magoti yakamnyanyua bila yeye kutaka, shingo ikageuka polepole kwenye ile foleni ya makoti meupe, na kutoka kifuani mwake ikaja sauti nzito ya mwanamume, tulivu, isiyo na haraka.

"Sasa," ikauliza, "nani mwengine alicheka?"