Lori Lilikataa Kuwaka Siku Tuliyokuwa Tukihama

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mama wa mtoto mmoja, na kwa sasa nakaa Thika kwa mama yangu. Wasomaji wenzangu, sisimulii haya ili mnihurumie. Nasimulia kwa sababu bado kuna watu wanaokula sahani moja na adui yao na hawajui!

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni, tulikaa Gatongora, upande wa Ruiru. Mume wangu, Mwangi, alikuwa na lori kuukuu walilonunua pamoja na rafiki yake Karanja. Walibeba kabichi na makaa. Karanja ndiye aliyesimamia harusi yetu. Alipokuja kwetu hakubisha hodi, aliingia tu na kuuliza chakula kiko wapi. Nilimwita shemeji, na nilimaanisha.

Mwaka ule wanaume wa kwetu walianza kuchukuliwa na askari mmoja mmoja. Leo jirani wa juu, kesho jirani wa chini... Mwangi hakuwa na neno na mtu, lakini alianza kukosa usingizi. Mjomba wake wa Thika akatuma habari kwamba amempatia kazi na pahali pa kulala. Tukakata shauri kuhama. Nani mwingine aliyejua siku tutakayoondoka? Karanja peke yake!

Asubuhi hiyo tulipakia vitanda na sufuria. Nikapanda mbele na Wambui wangu, aliyekuwa bado ananyonya. Mwangi akabonyeza stata. Injini ikazunguka vizuri, kwa nguvu kabisa... lakini haikushika. Akabonyeza tena. Ikazunguka, ikazunguka, kimya.

Karanja alifika na kufungua boneti kabla hajaombwa. Akainama humo kitambo, akatoka akijipangusa mikono.

"Upande wa moto wa plagi nimeangalia, uko sawa," alisema. "Hii ni petroli. Uchafu umeziba."

Mwangi alimwamini. Mbona asimwamini? Karanja alikuwa fundi kumshinda. Basi mume wangu akalala chini ya lori, akafungua bomba la petroli, akalipuliza kwa mdomo hadi akatapika. Akafungua kabureta, akaisafisha kipande kwa kipande juu ya gunia. Jua likapanda. Majirani waliotuona tukipakia wakaja kutuaga, sasa wakaanza kuondoka, na mama mmoja akamvuta mtoto wake ndani na kufunga mlango. Ngai, Mungu wangu! Moyo uliniambia kuna jambo, na sikujua ni lipi.

Karanja naye hakutulia. Kila mara alikwenda kando ya barabara, akaangalia upande wa Ruiru, akarudi.

"Haraka ya nini, Baba Wambui?" alimwambia mume wangu. "Thika haihami."

Kabureta ikarudishwa. Stata ikazunguka kama kwanza... wapi! Ndipo Mwangi akatoa plagi moja akainusa. Ilikuwa imelowa.

"Petroli inafika," alisema polepole. "Kwa hivyo ni moto."

Akaishikilia plagi kwenye chuma cha injini, akaniomba nibonyeze stata. Nikabonyeza. Hakukutokea cheche hata moja. Akafungua kile kifuniko cheusi ambamo nyaya zote za plagi huingia, na hapo akasimama kama mtu aliyepigwa. Rota haikuwamo! Kile kidude kidogo kinachozunguka na kugawa moto kilikuwa kimetolewa. Kitu kama hicho hakianguki chenyewe, wasomaji; mtu alikitoa usiku tukiwa tumelala.

Mwangi alimtazama Karanja. Karanja alitazama chini. Kisha mume wangu akageuka, akanitazama mimi na mtoto, kwa muda mrefu... na mara tukasikia gari likija.

Askari waliruka nje na bunduki. Walisema Mwangi hubeba chakula cha watu wa msituni. Uongo mtupu! Alifungwa mikono ikiwa bado inanuka petroli. Aliniambia kitu kimoja tu: "Usilie mbele yao."

Gari lao lilipopotea kwenye vumbi, Karanja alitia mkono mfukoni. Akatoa rota. Akaipangusa kwa shati lake na kuirudisha mahali pake, pamoja na kifuniko na plagi, mbele ya macho yangu! Lori likawaka mara moja.

"Mama Wambui," aliniambia, bila kunitazama, "teremsha vitu vyako. Ukiwa na akili, mimi nitakutunza."

Nilimtemea mate. Akaenda na lori, na baadaye nikaona limepakwa rangi mpya. Mimi nikaenda kwa mama yangu Thika, nikachuma kahawa ya watu nikiwa na mtoto mgongoni. Mama mkwe alikufa akimwita mwanawe. Ni machozi mangapi nilimwaga kitandani? Mungu ndiye ajuaye!

Mwangi alirudi kutoka kizuizini baada ya miaka kadhaa, amekonda, anakohoa. Kwa siku nyingi sikuthubutu kumwambia nilichokiona. Nilipomwambia, hakushtuka.

"Nilijua pale pale nilipofungua kile kifuniko," alisema. "Shamba la kahawa lilikuwa karibu, ningekimbia. Lakini wewe ulikuwa umekaa ndani ya lori na mtoto. Wangekuja wawakute ninyi."

Nililia mbele yake siku hiyo, na hakunikataza.

Aliishi nasi msimu mmoja wa mvua, kisha kifua kikamshinda. Tulimzika hapa hapa Thika.

Ndugu zangu, nawasihi... msimpe mtu mmoja siri zenu zote kwa sababu tu mmemzoea mezani. Mkiwa mnaondoka, ondokeni! Na mtu akiwahimiza kutulia siku ambayo mioyo yenu inawaambia mkimbie, shukeni, mbebeni watoto, mwende kwa miguu. Vitanda na sufuria vitanunuliwa tena. Mwangi wangu sitampata tena.