Kengele Aliyoikata Edmond

Edmond na mkewe Kavugho waliishi Katuba, mjini Lubumbashi. Kwao ni Lubero, Kivu Kaskazini. Walikuja huku kufuata biashara. Edmond aliendesha lori dogo hadi Kasomeno, kwenye njia ya Kasenga, akaleta samaki na mahindi. Kavugho aliuza samaki hao sokoni. Jioni walikula bugali pamoja na binti yao Graciella.

Lori lilitoka Japani, lilikuwa limetumika. Usukani wake, au volan, ulikuwa kulia, kama magari mengi ya mjini, ingawa Kongo magari hupita kulia, hivyo dereva alikaa upande wa majani. Lilikuwa na kamera nyuma na kengele mbele. Gari likikaribia mtu au kitu, kengele ililia: pii, pii, pii.

Mwaka ule vita vilifika kwao. Mji mmoja ulianguka, kisha mwingine. Watu walikimbia na magodoro kichwani. Mama yake Edmond, Mama Adolphine, alikimbia pamoja na mwanawe wa mwisho, Ézéchiel. Kila siku Ézéchiel alituma ujumbe wa sauti. Mtandao ukikatika, nyumba ya Katuba ilinyamaza. Katika familia yao simu kutoka nyumbani haikuachwa ilie. Usipoitikia, watasema umewatupa.

Kwa sababu hiyo Edmond alipeleka lori kwa Bénit, fundi wa redio na magari.

"Papa Edmond, nakuwekea televizio hapa mbele," Bénit alisema. "Simu yako inaingia ndani yake. Sauti inatoka kwa redio, picha unaiona pale. Mikono yote mbili iko kwa volan. Hakuna hatari."

"Na hii kengele?" Edmond aliuliza. "Njia ya Kasenga iko na baiskeli za makala kila pahali. Inalia tu, inalia tu. Sisikie hata audio ya ndugu yangu." Kwenye njia hiyo watu walisukuma baiskeli zenye magunia ya makaa hadi mjini.

Bénit alicheka. "Bajapani habajue baiskeli ya makala. Niikate?"

"Kata."

Bénit alikata waya mmoja. Kazi ikaisha.

Asubuhi moja Kavugho alikuwa kwenye meza yake ya samaki. Ujumbe wa Ézéchiel uliingia. Alikuwa analia. Alimwita yaya, kama alivyomwita kaka yake Edmond.

"Yaya, mama alipotea! Tulikuwa pa daraja, bantu balisukumana. Natuma picha. Muangalie muzuri, pengine mutamuona."

Kavugho aliitazama picha. Nyuso zilikuwa ndogo kama punje za mahindi. Alimtumia Edmond, kisha akampigia kwa video. Edmond alikuwa anarudi kutoka Kasomeno na mzigo wa samaki. Simu yake ilikuwa imebanwa kando ya skrini.

"Papa Graciella, unaiona ile picha?"

"Naiona."

"Angalia pa kushoto. Ule wa kitambaa ya kijani, si mama?"

"Wapi?"

"Nyuma ya mwenye godoro. Ikuze!"

Edmond alinyoosha kidole, akaikuza picha kwenye skrini. Kavugho aliuona uso wa mumewe. Macho yake hayakuwa barabarani. Kavugho aliliona hilo, lakini hakusema kitu. Yeye pia alitaka aendelee kuitafuta sura ile.

"Si mama," Edmond alisema. "Huyu ni kijana, huyu..."

Kishindo. Simu iliruka. Kavugho aliona paa la gari, kisha vumbi jeusi. Alisikia breki, halafu sauti ya mwanamume ikipiga kelele, na haikuwa ya mumewe.

"Mungu wangu," Edmond alisema. "Kuna muntu."

Mtu huyo aliitwa Bwalya. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia ya makaa, akienda kuuza mjini. Gurudumu lilimpanda mguu wa kulia. Hospitalini waliukata juu ya goti.

Edmond aliwekwa kizuizini. Lori lilizuiliwa. Meza ya Kavugho ilikauka. Ézéchiel alimpata mama yake kwenye shule moja ya Butembo iliyojaa wakimbizi. Mama alikuwa hai, lakini kifua kilikuwa kinamsumbua. Habari hiyo ilimkuta Edmond amekaa chini, kwenye sakafu ya mahabusu.

Alipoachiliwa, jirani yao Stanislas alikuja kumwona. Wazazi wa Stanislas walitoka Kasai. Yeye alifundisha udereva miaka mingi, na hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Papa Stanislas, sikushika simu," Edmond alisema. "Mikono yangu ilikuwa kwa volan, ni kidole moja tu ilitoka."

"Nani alikuambia mikono ndiyo inaona njia? Mikono ilikuwa kwa volan, macho kwa televizio, kichwa Lubero. Motoka ilikuwa inaenda bila muntu."

"Basi hivi vyombo vya kisasa ni vibaya. Nitavitoa vyote."

"Usiseme upumbavu. Kengele inaangalia njia pamoja na weye. Unasahau kidogo, inakushtua. Kamera ya nyuma inakuonyesha mutoto mwenye amekaa nyuma ya gurudumu. Televizio yenye simu haiangalie njia. Inakuita utoke pa njia. Weye ulikata chombo chenye kilikuwa kinakusaidia, ukaacha chenye kilikuwa kinakuvuta."

Edmond aliinamisha kichwa.

"Rudisha ule waya," Stanislas aliendelea. "Lakini usilale juu ya kengele. Vumbi ikijaa pa jicho yake, haioni kitu. Uipanguse mbele ya kila safari. Na hata ikiwa nzima, kuangalia njia ni kazi yako. Simu uizime, uiweke nyuma ya kiti, pahali mukono haufike. Ukitaka kusikia habari, toka pa njia, simama, halafu sikiliza."

Kavugho alikuwa mlangoni. "Ni miye nilimupigia," alisema.

"Ndiyo, mama. Siku ile mulikuwa munaendesha bawili. Ukimupigia shofere, uliza kwanza: uko pa njia? Akisema ndiyo, kata."

"Na kama ni habari ya kifo?"

"Hiyo zaidi. Muntu anasikia kifo akiwa amekaa kwa kiti, anaanguka. Weye unataka aisikie akiwa anaendesha lori?"

Jumapili Edmond na Kavugho walikwenda Annexe, pembezoni mwa mji, alikoishi Bwalya na mkewe Nkandu. Walipeleka unga na samaki. Bwalya alikuwa amekaa kwenye kigoda, suruali imefungwa fundo chini ya kisiki cha mguu.

"Mumeleta samaki," alisema. "Muzuri. Muguu, mutaleta lini?"

"Weye, nyamaza," Nkandu alisema.

"Ninyamaze nini? Nilikuwa pembeni kabisa, pa majani. Nikasikia motoka. Nikasema, huyu ataniona, kiti yake iko upande wangu." Alimgeukia Edmond. "Ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa namutafuta mama yangu kwa picha. Alipotea mu vita."

Bwalya alilikaza fundo la suruali yake.

"Ulimuona?"

"Hapana."

"Bon. Basi siku ile hakuna mwenye alipata kitu."

Edmond alilia. Bwalya hakumkataza. Kabla hawajaondoka walipatana kwamba Edmond atabeba makaa ya Bwalya kwa lori, na Nkandu atauza pembeni ya meza ya Kavugho. Mguu haukurudi. Lakini nyumba ile ilihitaji kula.

Lori liliporudishwa, Edmond alikwenda tena kwa Bénit.

"Bantu beko namna gani?" Bénit alinung'unika. "Leo banataka televizio, kesho habataki."

"Iache iwe ya kamera ya nyuma tu. Simu isiingie tena. Na ule waya, uunge."

Kengele ilianza kulia tena. Zamani Edmond alisema inalia bure. Sasa ilipolia alipunguza mwendo, na karibu kila mara kulikuwa na baiskeli.

Ézéchiel alikasirika. "Mulituchoka? Yaya haitikie simu!"

"Piga kwangu," Kavugho alimjibu. "Miye naendesha nini? Niko na samaki tu. Yaya yako akisimama, nitamuambia."

Wiki zilipita. Halafu, asubuhi moja, Ézéchiel alimpigia Kavugho sokoni. Hakulia. Alisema kwa sauti kavu kwamba Mama Adolphine amefariki.

Kavugho aliishika simu mkononi. Edmond alikuwa ameondoka kwenda Kasomeno.

"Mupigie!" alisema Germaine, muuza nyanya wa meza ya pili. "Ni mama yake!"

"Eko pa njia."

"Hata! Uko na moyo gani weye? Muntu amefiwa na mama, eko nasafiri kama hakuna kitu!"

"Aache asafiri. Afike."

Kavugho alifunika samaki, akaenda nyumbani. Majirani walianza kuingia. Walilia kwa sauti. Aliwaomba jambo moja tu: mtu asimpigie mumewe, maana angeweza kusimama njiani na kuwasha simu. Wengine walimtazama vibaya. Alikaa chini, simu mapajani. Uamuzi ule aliubeba peke yake, nao ulikuwa mzito.

Edmond alifika Kasomeno salama. Aliegesha lori pembeni ya soko, akazima injini, akavuta breki ya mkono. Alitoa simu nyuma ya kiti, akaiwasha, akapiga, kama alivyozoea.

"Umefika?" Kavugho aliuliza.

"Nimefika."

"Motoka imesimama?"

"Imesimama. Sauti yako iko namna gani? Sema."

"Shuka kwanza. Tafuta pahali ukae."

Edmond alishuka, akaketi juu ya gunia la mahindi. Kavugho akamwambia.

Wachuuzi waliona mwanamume mzima akianguka kutoka juu ya gunia, akigaagaa vumbini na kumwita mama yake. Walikuja wakamwinua. Mmoja alichukua funguo za lori, akazificha mfukoni mwake hadi kesho yake.

Kesho yake Edmond alinawa uso, akaomba funguo, akarudi Lubumbashi polepole. Aliwakuta watu wamekaa uani kwenye mikeka. Kavugho alisimama, wakashikana, wakalia. Walikuwa wamefiwa na mtu mmoja tu. Siku ya msiba ule, wasukuma baiskeli wote wa njia ya Kasenga walifika salama majumbani mwao.