Jina la Mama wa Tatu

Jamnadas alimuua mama mkwe wake mbele ya watu mia tatu, na mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi safu ya mbele anakula jalebi zinazodondosha shira.

Hakukusudia. Jamnadas ni mtu wa mizaha na safari. Alizaliwa Tabora, akauza vitenge Bujumbura, akakaanga sambusa Leicester, akafilisika kwa heshima katika kila mji aliopita, na mwishowe akatua Toronto kuendesha teksi ya uwanja wa ndege. Lakini siku ile, Novemba ya mwaka 1994, alikuwa amevaa kilemba kilichokataa kukaa sawa kichwani, mbele ya pandita, kuhani wa Kihindu, katika ukumbi wa kukodi kule Mississauga. Alisimama badala ya marehemu kaka yake, kumtoa Nirupa, binti wa kaka huyo, aolewe.

Binti wa Kihindu hatoki ukoo wa baba yake hivi hivi kama abiria anayeshuka kituoni. Kabla hajaingia ukoo wa mume, wazee waliokufa hualikwa kwa majina, baba watatu na mama watatu. Wakishaitwa hushiba, hubariki, humwachia mtoto wao aende.

Akina baba Jamnadas aliwataja wote. Mama yake, sawa. Bibi yake, sawa.

"Na mama wa tatu?" pandita akauliza. "Aliyemzaa babu yako?"

Jina lilikuwepo, lile la Kigujarati ambalo familia yake ililitumia miaka yote, nalo likamtoka kichwani kama sabuni kwenye mkono wenye maji. Likaja jingine, ambalo nyumbani kwao halikutajwa kwa sauti. Akalimeza. Macho yakahangaika ukumbini, yakatua safu ya mbele.

"Kashiben," akasema.

"Mimi?" Mama mkwe aliruka, jalebi mkononi. "We Jamna! Mimi nimekufa lini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Pandita akajifuta machozi. Hata bwana arusi, Dilesh, kijana mpole aliyesomea hesabu za kampuni, aliinamisha kichwa mabega yakitikisika. Aliyenuna ni mama yake peke yake. Savitaben alikuwa mtu wa Kisumu, aliyeweza kukutajia wazee wa mumewe mpaka kijiji chao kule Kathiawar, India, na aliyekubali posa baada ya kuuliza mara nyingi kama ukoo wa Nirupa ni safi.

"Tuliruke hilo," pandita akasema, bado anacheka. Wakaliruka.

Jamnadas ndiye aliyeona maua. Mbele ya pandita kulikuwa na majani, na kila jani lilikuwa na maua ya mzee mmoja. Maua ya mama wa tatu yalikuwa yamekauka yakawa meusi, kama yaliyotolewa jikoni kwenye majivu. Akajiambia ni mashine za joto za Wazungu hawa. Kisha akaenda kumwomba mama mkwe msamaha wa kumfisha.

Maharusi walihamia Pickering, nyumbani kwa Savitaben. Mambo yalianza kwa harufu, tumbaku mbichi na udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, wakati nje theluji imefika magotini. Halafu sauti chini ya nyumba, kule kwenye chumba cha tanuri na masanduku: twii, twii, twii, mtu anatwanga. Dilesh alishuka na tochi. Hakukuta kinu wala mtwangaji, ila sakafu ya saruji ilikuwa imelowa mbele ya mlango wa nyuma.

Baada ya hapo majina yakaanza kupotea.

Savitaben alimpigia simu Jamnadas, sauti yake ya kiburi imesinyaa. "Jamnabhai, unamjua mama yangu? Alikuwa anaitwa nani?"

"Mama yako wewe? Nitajuaje mimi?"

"Nami sijui," akanong'ona. "Asubuhi nimewasha taa mbele ya picha yake nikataka kumwita. Hamna. Na Dilesh... Dilesh kamwangalia mkewe mezani, akamuuliza, samahani, wewe ni nani? Wamelia wote wawili. Njoo."

Jamnadas alikwenda. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni na giza la Januari lilishafunga. Njiani alijaribu kupiga mluzi, na ili kujipa moyo akaanza kumsimulia kaka yake marehemu mzaha mmoja wa Leicester, kama alivyozoea akiwa peke yake ndani ya teksi. Akafungua mdomo amwite. Hakuna jina. Kaka aliyembeba mgongoni, aliyemlipia nauli ya kutoka Tabora, uso wake ulikuwa pale pale, na mahali pa jina pamekatwa pakabaki tupu.

Mzaha ukaishia hapo.

Nirupa alikuwa amekaa kwenye ngazi za kwenda chini, miguu mitupu, gizani. Mtoto huyu alikulia Toronto. Kiswahili alikisikia lakini alijibu kwa Kiingereza tangu chekechea, na Kiswahili chake chote kilikuwa "jambo" na "pilipili".

"Nirupa, mwanangu. Mbona umekaa kwenye baridi?"

"Mlango mlifunga nyie," alijibu kwa Kiswahili cha Unyamwezini, kizito na cha zamani, bila kugeuka. "Nilikuja na mvua, nikapiga hodi mlango wa nyuma wa duka, mwanangu nikamsikia ndani analia ananiita, na baba yake akawasha taa, akaniona, akaizima, na asubuhi alipofika mke aliyetoka ng'ambo akaambiwa mtoto ni wake, nami nikaambiwa sijawahi kuzaa, nikakaa pale mlangoni mpaka tumbaku ya shamba zima ikavunwa, mpaka sauti ikanikauka, mpaka nikafa, na mkafagia, na jina langu mkalifagia pamoja na takataka, nyie mnaotembea kwa damu yangu mkalishwa kwa mikono yangu, mkamwita mama mtu asiyewahi hata kuwafuta pua."

Kisha akageuka. Uso ulikuwa wa Nirupa. Macho yalikuwa ya mtu mzima sana.

Jamnadas alipanda ngazi kinyumenyume.

Kulsumbai aliletwa kutoka Weston kesho yake mchana, kwa treni ya wafanyakazi, ametia chetezo na ubani kwenye mfuko wa plastiki wa dukani. Alikuwa mjane wa Kikhoja aliyezaliwa Ujiji, mnene, mwenye pumu, na watu wa dini zote walimwendea wakishindwa na madaktari. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Toeni betri kwenye king'ora cha moshi. Mwezi uliopita nimeletewa zimamoto."

Walikaa chini kwenye saruji yeye na Jamnadas, Nirupa, Dilesh aliyemshika mkewe mkono bila kujua ni wa nani, na Savitaben. Ubani ukapanda. Kulsumbai alisoma kwa sauti ya chini, akamnusa Nirupa shingoni kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akaacha kusoma.

"Mmenidanganya," alisema. "Mmesema jini. Jini ningemfukuza. Huyu ni bibi yenu. Jamnadas, anaitwa nani?"

Jamnadas alimtazama Savitaben. Akitaja, ndoa inavunjika. Asipotaja, Nirupa anakwisha. Tayari mtoto alikuwa anajitazama viganja kana kwamba kaazimwa.

"Baba mdogo," Nirupa alisema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, kwa Kiingereza, "mimi ni nani?"

"Kalunde!" Jamnadas akapiga kelele. "Anaitwa Kalunde, Mnyamwezi wa Tabora, ndiye aliyemzaa babu yangu. Yule mwingine ni uongo. Baba aliniambia siku moja amelewa, na sote tumenyamaza. Shikamoo, bibi. Kalunde, mama wa tatu, njoo ule, mbariki mtoto."

Kutwanga, kulikoanza bila mtu kugundua, kulikoma. Dilesh alishtuka kama aliyeamshwa. "Nirupa," akasema. "Nirupa! Nirupa!" Akawa analirudia huku anacheka na kulia. Na Jamnadas akalipata jina la kaka yake, Vrajlal, limekaa ulimini kama halijawahi kuondoka.

Savitaben alisimama.

"Kwa hiyo mmetuuza," alisema taratibu. "Bibi Mwafrika. Nimeuliza, nikaapiwa ukoo ni safi. Pandita tutamtafuta avunje, na hilo jina ndani ya nyumba yangu halitajwi tena."

"Dada, kaa chini," Kulsumbai alimwambia. "Kaa chini haraka."

"Unajua mimi ni nani?" Savitaben akafoka. "Mimi ni..."

Akasita. Akafungua mdomo tena. "Mimi ni..." Mkono ukapanda kooni, ukapapasa kidani cha ndoa, na macho yakazunguka kutoka kwa mtu hadi mtu, yakimwomba kila mmoja ampe alichokuwa nacho sasa hivi.

"Mama," Dilesh alisema. "Mama, wewe ni..." Naye jina likampotea. Jamnadas alilitafuta jina la mwanamke yule aliyemkaribisha chai mara ngapi sijui, akalitafuta kila pembe ya kichwa, akakuta pamefagiliwa. Harufu ya tumbaku ikawa nzito mpaka Kulsumbai akakohoa na kuzima chetezo kwa kiganja.

"Mimi nimemaliza," mganga alinong'ona, akikusanya vitu vyake kwenye mfuko. "Hapa sina kazi."

Jamnadas alipiga magoti mbele ya Nirupa, kilo zake zote tisini na kitu. Nirupa alikuwa ameketi wima, anatabasamu, na tabasamu halikuwa lake.

"Bibi, nakuomba," alisema. "Jina lako limetajwa. Litatajwa kila arusi, mimi mwenyewe nitalitaja. Mwachie huyu mama wa watu. Mwachie mtoto. Sasa uende zako kwa amani, bibi, urudi kwenu."

Mwanamke aliyekuwa ndani ya Nirupa alimtazama, kisha akamtazama yule asiye na jina aliyejikunyata ukutani, kisha akaitazama nyumba, kuanzia sakafuni mpaka kwenye dari, kama mtu anayeamua kitanda kiwekwe wapi.

"Kwani mimi mgeni?"