Rangi ya Kisima cha Nne

Jua lilikuwa linazama mkemia alipobeba chupa zake na kupanda kwenda kisima cha nne, kazi ambayo haikuwa yake. Utaratibu wa kituo kile cha kufua umeme kwa mvuke wa ardhini hata mlinzi aliujua: aliyemwaga rangi hachoti sampuli, maana chembe ikibaki mkononi, majibu yote yanaharibika. Na aliyemwaga ni yeye, mwezi mmoja nyuma, kwenye kisima cha kurudishia maji ardhini, ili ijulikane maji yanapita wapi huko chini na yataibukia kisima kipi.

Lakini mchana ule mdogo wake wa tumbo moja, ambaye kituo kizima kilimwita Profesa, alimpigia simu akicheka. "Dada, rangi imeonekana kisima cha nne. Bosi hana hali kwa furaha."

Roho ilimuuma. Miaka kumi na moja yupo pale, na huyu wa juzi tu ndiye aliyepewa ukuu wa maabara. Kwa wivu huo, siku ya kumwaga alichanganya rangi na unga wa mganga, akainamia kisima na kulitaja jina la mdogo wake mara tatu.

"Kitakachoitika kitamfuata mwenye jina," mganga alimwambia.

Mwezi mzima Profesa hakupata hata mafua. Sasa anasifiwa! Mkemia alitaka aione hiyo rangi kwa macho yake.

Akavaa glavu, akajaza chupa, kisha akavua glavu. Mvuke ukavuma shhhh... ukinuka mayai viza. Kisha ukanyamaza, na bomba liko wazi.

Ndani ya bomba mtu akanong'ona jina la mdogo wake. Mara tatu.

Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Alishuka mbio hadi maabara. Profesa alikuwa amekaa gizani, amewasha ile taa ya zambarau tu, inayoifanya rangi ing'ae kijani. Akazimulika chupa za dada yake. Maji matupu.

"Na zangu za leo nimezirudia," alisema taratibu. "Kisima hakina kitu, dada. Rangi ilitoka mikononi mwangu. Nilikuwa nimejishika hapa kabla ya kuchota."

Akafungua kola. Shingoni ziling'aa alama za vidole vitano.

"Usiku wa tatu huu mtu ananikaba. Nikifumbua macho, nakuona wewe."

"Mimi nalala kwangu. Muulize shemeji yako."

"Nimemuuliza... Anasema usiku huwa unatoka."

Mkemia akatazama mikono yake. Mwezi mzima amekuwa akinawa, lakini iling'aa kijani hadi kwenye viwiko. Wivu wote ukamwisha, akabaki na woga na huruma. Huyu ndiye ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga.

"Kimbia, mdogo wangu," alinong'ona.

"Mlango uko nyuma yako. Usizime taa tu, dada. Huwa unaanza na taa."

"Sizimi," alisema, na alisema kwa moyo wake wote.

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi.