Chakula cha Jirani kwa Lyle Ostby

Lyle Ostby alikutwa amekufa mezani kwake, shavu limelala juu ya kitambaa cha plastiki, mkono mmoja unaning'inia. Mbele yake kulikuwa na sahani yenye mabaki ya chakula, chupa tupu ya vidonge vya usingizi yenye jina lake, na picha za watoto wadogo waliovaa nguo za kuogelea, zilizokatwa kwenye vitabu vya matangazo ya maduka. Picha zilikuwa zimepangwa kwa safu, kama karata.

Inspekta Ardis Kjelstad alizitazama mara moja tu. Alitoka nje, akasimama kwenye theluji na kutema mate.

"Kajimaliza mwenyewe," Sajini Duane Petrich alisema kutoka mlangoni. Hakujisumbua kuficha furaha yake. "Kaanza tena mchezo wake, dhamiri ikamsuta, akameza vidonge. Tuandike, twende zetu tukale."

"Dhamiri? Huyu?"

"Basi woga. Kwangu mimi yote sawa, Inspekta."

Kwa Ardis nayo ilikuwa karibu sawa. Miaka mingi nyuma, akiwa askari mgeni kazini, ndiye aliyeshuka ngazi za chumba cha chini ya nyumba ya Ostby na kumtoa msichana wa miaka minane, Jolene Maki, akiwa amemfunika kwa koti lake la polisi. Koti lile alilichoma moto siku iliyofuata.

Ostby alitumikia kifungo chake chote. Siku alipokimaliza hakwenda nyumbani. Jimbo la Minnesota, Marekani, lina sheria yake kwa watu wa aina hiyo: jaji wa madai, si wa jinai, anaweza kuamuru mtu azuiliwe kwenye kituo cha matibabu mpaka apone. Kituo chenyewe kipo Birch Portage, mji wenye kanisa moja, duka moja la vyambo vya samaki, na uzio mrefu wa waya ambao nusu ya mji inaingia humo asubuhi kufanya kazi. Wanaozuiliwa humo huitwa wagonjwa. Kwa miaka mingi mgonjwa alikuwa akitoka ndani ya jeneza tu.

Ostby alikuwa wa kwanza kutoka akitembea. Mahakama ilimpa nyumba pembeni ya mji na kifaa cha kumfuatilia mguuni, ionekane kama anaweza kuishi bila kumgusa mtoto wa mtu. Jumatatu inayofuata jaji angeamua kuhusu wenzake waliobaki ndani, na kila mtu alijua kwamba angemtazama Ostby kwanza. Picha zile mezani zilitosha kulifunga lango kwa kufuli na kuutupa ufunguo ziwani.

Ardis alirudi ndani. Angeweza kuifunga kesi saa ileile na kulala usingizi mzuri. Kilichomkera ni sahani.

Ilikuwa na nyama ya kusaga, mahindi, mchuzi mzito wa uyoga, na juu yake vipande vya viazi vilivyookwa vikawa vya kahawia. Chakula hicho kila nyumba ya kule hukipika, na huokwa kwenye trei kubwa ya ovenini, ya kulisha ukoo mzima. Hakuna anayekipika kwenye sahani.

"Duane, trei iko wapi?"

"Trei gani?"

"Aliyopikia."

Petrich alifungua oveni. Ilikuwa na vumbi. Akafungua makabati, friji, pipa la taka. Nyumba ile haikuwa na trei ya aina yoyote.

"Kaletewa," alisema taratibu.

"Na nani? Amekaa hapa tangu masika, hajaletewa hata biskuti. Watu wakimwona dukani wanahamia upande wa pili."

"Na aliyeleta akaondoka na trei yake," Petrich alisema. Sasa hakuwa akicheka. Kule ukimpelekea mtu chakula unamwachia trei, naye ataiosha na kukurudishia. Anayeondoka na trei chafu mkononi ana sababu yake.

Jibu la uchunguzi wa maiti lilikuja kesho yake: Ostby alikufa Jumapili usiku. Vidonge vilisagwa vikawa unga na kukorogwa kwenye mchuzi wa uyoga. Alama za vidole nazo zilitoa jambo la ajabu: picha za watoto hazikuwa na alama hata moja, za Ostby wala za mtu mwingine. Eti mzee wa tamaa zile alizikata, akazipanga, akazitazama, na hakuzigusa hata kwa ncha ya kidole. Ardis aliisoma ripoti mara mbili, akachukia. Mtu fulani alikuwa amekaa na mkasi na glavu akichagua watoto, kwa kujua kwamba polisi watakapoziona watatapika na kuacha kufikiri. Na Ardis kidogo tu angeacha kweli.

Mji mzima ulikuwa umeshaamua kwamba muuaji ni Jolene Maki, na ulikuwa tayari kumchangia wakili. Ardis alimfuata mjini Duluth, kwenye kliniki ya meno anakofanya kazi. Walizungumza ndani ya gari. Jolene alikuwa mwanamke mzima sasa, mwenye macho makavu na mikono isiyotulia.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Harusini kwa binamu yangu. Mashahidi mia mbili na video."

"Ulitaka afe?"

"Kila siku. Lakini sikumuua. Hayo ni mambo mawili, Ardis, na wewe unajua."

"Umefurahi?"

"Nilidhani nitafurahi. Niliposikia habari za zile picha nikaona naburutwa tena kwenye zile ngazi." Aliitazama mikono yake. "Unajua kinachonichosha? Kila kesi ya wale watu ikikaribia, LaVonne Skaar ananipigia simu. 'Jolene mpenzi, njoo ukamweleze jaji.' Nakwenda, nalia, wanapiga picha, wananipa keki ya kubeba. Mwaka huu nilimwambia siendi. Akanikatia simu."

Ardis alimfahamu LaVonne Skaar tangu utotoni. Alikuwa msimamizi wa wodi kwenye kituo, mwandishi wa ripoti za wagonjwa za kila mwaka, na kiongozi wa jikoni la kanisa. Mumewe alikuwa dereva wa kituo kilekile, na wanawe wawili walikuwa walinzi. Funguo za kabati la dawa, ambamo kila chupa huandikwa jina la mgonjwa, zilikaa kiunoni kwake. Na kama kulikuwa na mtu mmoja mjini ambaye Ostby angemfungulia mlango bila kuuliza, ni yule aliyekuwa akimwita mgonjwa wake. Lakini funguo hazimfungi mtu, na jaji hatoi hati ya upekuzi kwa sababu ya keki.

Alhamisi walimzika mkulima mmoja mzee, na baada ya mazishi watu wakashuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kula. Ardis alikula kidogo, akakunja mikono ya shati, akaenda kuosha vyombo na akina mama. Walishangaa, maana hawakuwahi kumwona karibu na sinki.

Trei zilikuja moja baada ya nyingine. Aliziosha, akazigeuza. Kila moja ina kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kitakoni chenye jina la mwenyewe, ili isipotee kwenye shughuli kama hizi. Utepe wa kila trei ulikuwa wa manjano na umekauka kwa kuingia ovenini miaka nenda rudi, na pembe za trei zilikuwa na weusi ule ambao hakuna mama anayejisumbua kuusugua.

Isipokuwa moja. Hiyo iling'aa pembe zote nne kama imenunuliwa jana, na utepe wake ulikuwa mweupe pe. Jina lilikuwa la Skaar.

"Umenunua trei mpya, LaVonne?" Ardis aliuliza, bila kugeuka.

"Mpya wapi! Hiyo ni ya marehemu mama. Nimeisugua tu."

"Kwa nini?"

Swali lilikuwa jepesi. Mtu yeyote angesema lolote. LaVonne alipangusa meza iliyokuwa tayari safi. Mama mmoja aliyekuwa akipanga vikombe alisema, akitania, kwamba ndiyo kwanza anamwona mtu anasugua trei kwa klorini mpaka inatoa harufu ya bwawa la kuogelea. Ardis aliikausha trei kwa taulo, akaitia kwenye mfuko wa kielelezo aliokuwa nao mfukoni, akamwomba LaVonne avae koti.

Ukingo wa trei zile za zamani umekunjwa kwa nje, na chini ya mkunjo huo sabuni haifiki. Maabara ilipoufungua, ilikuta uchafu wa mchuzi uliokauka, na ndani ya uchafu dawa ya usingizi.

LaVonne alisomewa haki zake, akasema hahitaji wakili. Alikaa ameweka mkoba mapajani, kama anasubiri daktari.

"Picha ulikatia wapi?" Ardis alianza.

"Nyumbani, jikoni."

"Ulijisikiaje?"

"Vibaya. Unanionaje mimi?"

"Bado sijui. Ulimwambia nini mlangoni?"

"Kwamba nimemletea chakula. Kumkaribisha mjini."

"Akasemaje?"

LaVonne aliangalia ukuta. "Alilia. Alisema ndiyo mara ya kwanza. Akaniomba nimwombee kabla hajala."

"Ukaomba?"

"Niliomba."

Petrich, aliyekuwa kasimama pembeni, aliguna na kugeukia dirisha.

"Niambie jambo moja," Ardis alisema. "Wewe umekaa naye miaka yote hiyo. Uliogopa atamrudia mtoto mwingine?"

Angesema ndiyo, Ardis angemwelewa. Kwa kweli alikuwa akimwomba aseme ndiyo. Angalau kisa kingekuwa na kitu cha kushikika, mtu kaua kwa hofu ya watoto, na mji ungemlilia na yeye mwenyewe angemlilia kidogo.

"Hapana," LaVonne alisema. "Lyle alikuwa amekwisha. Mzee, mgonjwa wa moyo, anaogopa hata kutazama upande wa shule. Alipona, kama mtu wa namna ile anaweza kupona. Hilo ndilo lilikuwa tatizo."

"Tatizo kwa nani?"

"Kwa sisi sote! Fikiri, Ardis. Lyle akimaliza mwaka bila kosa, jaji anawatoa wengine. Wodi moja inafungwa, kisha ya pili. Wanangu waende wapi? Mji huu una nini kingine? Machimbo yamekufa, kiwanda cha mbao kimekufa. Tunakula kwa sababu wale watu wamo mle ndani. Wewe mwenyewe mshahara wako unatoka kwenye kodi za nani?"

"Kwa hiyo kila mwaka ulipoandika kwamba hajapona..."

"Miaka ya mwanzo ilikuwa kweli."

"Na baadaye?"

LaVonne alifungua mkoba, akatoa leso, akaikunja upya ilhali ilikuwa imekunjwa sawa.

"Na Jolene?" Ardis aliuliza. "Ulikuwa unamwita aje alie kwa ajili ya nani?"

"Jolene anasaidia watoto wa wengine."

"Jolene alikuwa akilinda ajira za wanao."

Mashine ya kurekodi iliendelea kuzunguka. Ardis alimchukia Ostby maisha yake yote ya kazi na hakuwa na mpango wa kuacha. Lakini chuki ile ilikuwa na heshima yake, ilitoka kwenye zile ngazi na lile koti. Kumbe pembeni yake kulikuwa na watu walioifuga, wakaikamua kila siku, wakalishia familia. Alihisi uchafu mikononi, kana kwamba na yeye alikula kwenye trei ile.

LaVonne alitia sahihi maelezo yake bila kusoma. Askari alipomshika mkono kumpeleka mahabusu, alisimama.

"Ardis, kesi ikiisha, trei watairudisha nyumbani? Ni ya mama."

Petrich aliwafungulia mlango.

Jumatatu mahakama ilijaa. Mwanasheria wa jimbo hakuzitaja picha. Wakili wa wazuiliwa alimwita Inspekta Kjelstad kizimbani na kumuuliza swali moja tu: tangu atoke, Lyle Ostby alifanya kosa lolote?

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alimwona Jolene Maki. Safari hii hakuna aliyekuwa amemwita. Ardis alimtazama yeye alipojibu, si jaji.

"Hapana, hakufanya," alisema.

Jolene alimwinamishia kichwa kidogo, akavaa glavu zake, akatoka nje kabla mtu wa kamera hajamfikia.