Mwanga Uliofichua Kidonda cha Mujinga

Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani kwao katika mtaa wa Katuba, Mujinga alijipaka mafuta ya kuzuia jua usoni, shingoni na mikononi. Alizaliwa na ualbino, na mama yake, Adolphine, hakumruhusu kuvuka mlango bila mafuta hayo. Masikio tu ndiyo aliyoyasahau, kwa haraka ya kufika uwanjani. Alikuwa golikipa wa timu ya wasichana wa shule, na mpira haukumpita kirahisi.

Siku moja rafiki yake Chishimba aliona kidonda kidogo sikioni mwake.

"Mbona hakiponi? Umemwambia mama?"

"Nyamaza! Akijua, atanizuia kucheza fainali."

Tangu hapo Mujinga alifunga kitambaa kichwani. Mama alipouliza, alijibu kwamba ni mtindo tu.

Kisha, mazoezini, mpira ulimgonga sikioni na kitambaa kikalowa damu. Chishimba hakungoja ruhusa. Alikimbia hadi sokoni, mahali Mama Adolphine alipouzia vitenge, akamweleza yote.

"Mutoto wangu, hii iko tangu lini?" mama aliuliza alipofika uwanjani na kukifungua kitambaa.

Mujinga aliinamisha kichwa. "Tangu mwezi uliopita, mama. Nilikudanganya. Nisamehe."

Hospitalini, Dokta Liévin alichukua kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Majibu yalipotoka, hakuwaficha: ilikuwa saratani ya ngozi, ila ilikuwa changa, bado iko juu juu.

"Tunaweza kuitibu," alisema, na mama akashusha pumzi.

Siku ya matibabu, daktari alimpaka Mujinga dawa sikioni. Baada ya saa kadhaa alizima taa za chumba, akawasha kamera yenye mwanga wa buluu. Kwenye kioo cha kamera, doa jekundu liling'aa kama kaa la moto.

"Yo! Sikio langu linawaka kama taa ya motokari!" Mujinga alisema. Hata mama alicheka.

"Ngozi inayougua hushika dawa, ndiyo maana inang'aa," daktari alieleza. "Ona, doa ni pana kuliko kidonda. Kwa macho matupu ningeacha nusu yake."

Kisha akaelekeza hapo mwanga mwekundu, ambao huifanya dawa iue ugonjwa. Uliwasha kama pilipili. Mujinga aliuma meno huku akiubana mkono wa mama.

Fainali ilichezwa bila yeye, timu ikafungwa, naye akalia. Lakini miezi michache baadaye, aliporudi kuchunguzwa pamoja na mama na Chishimba, alipakwa dawa ile tena, na kamera haikuonyesha wekundu wowote.

"Dokta, kamera hii inaona kila kitu!" alisema kwa furaha.

"Hapana, mwanangu. Inaona ngozi iliyoletwa mbele yake tu. Kidonda ulichokificha nyumbani isingekiona kamwe. Ukiona kitu kigeni mwilini mwako, sema mapema, hata kama unaogopa. Bila rafiki yako kusema ukweli, tungechelewa."

Mujinga alimgeukia Chishimba kwa haya. "Na mimi nilikununia wiki nzima!"

"Mbili," Chishimba akasahihisha, na wote wakaangua kicheko.