Shimla au Manali, Bi Charu?

Harusi ya watu asiowajua ndiyo iliyomsukuma Lokesh Bhasin ndani ya ofisi ya safari ya Charu, jioni moja ya Novemba. Bendi ya matarumbeta ilikuwa imeziba mtaa mzima wa Paharganj, mjini Delhi. Bwana harusi yuko juu ya farasi mweupe, na jamaa zake wanacheza mbele yake kana kwamba barabara ile waliachiwa na babu yao. Riksho zilipanda hadi kwenye vibaraza, watu wakatafuta pa kujibanza, na mlango wa karibu ulikuwa ule wenye mabango mawili. Kulia Shimla, mji mzima umekaa mgongoni mwa mlima na kanisa lake la manjano. Kushoto Manali, theluji tupu na watu wanaoteleza huku wakicheka.

"Karibu, kaka," Charu alisema bila kuinua macho. "Shimla au Manali?"

Mwaka wa tisa huo alikuwa akiuliza swali hilo. Kila msimu wa harusi maharusi walimjia wawili wawili, bibi harusi na bangili zake nyekundu kutoka kifundo hadi kiwiko, wote wanataka fungate milimani na wote hawajui mlima gani.

"Hapo ndipo penye shida," sauti ya kiume ilijibu. "Mmoja anataka Shimla, mwenzake anataka Manali. Nyumbani kwetu siku hizi hakukaliki."

Charu aliinua macho. Aliona kijana mrefu, sweta la kijivu lisilo na mikono, la kufumwa nyumbani, na bisibisi ndogo kama kalamu ikichungulia mfukoni mwa shati.

"Hongera kwa harusi, basi," alimwambia. "Hata ubani haujachomwa mmeshaanza kugombana."

Kijana alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema, "Asante."

Asante hiyo moja ndiyo iliyoleta balaa lote.

"Mimi huwauliza watu swali moja tu," Charu aliendelea. "Mkikaa pamoja saa nzima hamna la kusemezana, mtafanya nini? Wanaoweza kunyamaza pamoja nawapeleka Shimla. Kule barabara ya juu haipiti gari, ni kutembea polepole na kukaa kwenye benchi. Wasioweza nawapeleka Manali, wakarushiane theluji na kupanda mashua za mpira mtoni, hata nafasi ya kununiana wasiipate. Wakirudi, wote wananishukuru."

"Na wewe ungekwenda wapi?"

"Mimi sijaulizwa."

Alikuwa na miaka thelathini na moja na hakuwahi kukanyaga Shimla wala Manali. Alijua dirisha gani la hoteli gani linatazama bonde, alijua dereva anayekimbiza gari kwenye kona, lakini theluji aliijua kwenye bango tu. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, darasa lake lilikwenda milimani, mama yake akamwambia, "Utakwenda na mumeo." Alipokuwa chuoni wenzake walikwenda. "Utakwenda na mumeo." Alipoanza kulipwa mshahara wake mwenyewe aliomba tena, akajibiwa vilevile. Ndiyo malezi ya mabinti wa Delhi hayo. Mume hakutokea, na theluji ikabaki hukohuko iliko.

Baada ya siku mbili Lokesh alirudi, safari hii na viazi vitamu vya kuchoma ndani ya kikapu cha majani, vimekamuliwa ndimu na kunyunyiziwa pilipili.

"Nimeuliza," alisema. "Anayetaka Shimla anasema yeye anaweza kunyamaza. Ila mwenzake akinyamaza, anadhani amenuna."

"Mwenzake si ndiye wewe?"

"Eeh, ndiye huyo."

"Basi acha kununa, kaka. Mchumba wako anaitwa nani?"

Lokesh alikohoa kidogo, pilipili imempalia. "Pushpa."

"Jina la kibibi hilo. Wazazi wake walipenda mambo ya zamani."

"Sana," alisema Lokesh.

Akawa mtu wa kuja. Leo anaulizia baridi ya Shimla, kesho kutwa anaulizia kama kule Manali kuna ngazi nyingi, maana Pushpa magoti yanamuuma. Charu alimwonea huruma bibi harusi mwenye magoti mabovu. Siku asiyokuja alipiga simu.

"Bi Charu, umekula?"

"Hiyo ni habari ya safari, kaka?"

"Ni ya njiani. Nimeona muuza viazi, nikakukumbuka."

"Mkumbuke Pushpa."

"Pushpa hali viazi, vinamjaza gesi."

Charu alicheka mpaka akaziba simu kwa kiganja. Alikuwa akicheka hovyo na kijana huyo, na alijua kwa nini: alikuwa wa mtu. Mwanamume ambaye ameshaposa hana madhara, unaweza kuongea naye kama unavyoongea na binamu. Kitu kimoja tu kilimkwaruza. Wateja wote walimwita dada, na mjini pale mwanamume akikuita dada amejifungia mlango mwenyewe na ufunguo ameutupa. Lokesh hakumwita dada hata siku moja. Yeye Charu alimwita kaka kila baada ya maneno matatu, kama mtu anayehesabu nguzo za ua wake usiku usije ukaibwa.

Kisha ikaja siku ya miwani. Lokesh alikuwa fundi wa miwani huko Daryaganj, na tangu siku ya kwanza alikuwa akiitazama fremu ya Charu iliyolala upande.

"Nipe mara moja," alisema, akainyanyua usoni mwake taratibu kwa vidole viwili, akatoa ile bisibisi.

Bila miwani Charu haoni. Mabango yakawa rangi tupu, mtaa ukawa taa zilizoyeyuka, na kilichobaki ni sauti ya kijana huyo akipumua kwa makini, na harufu ya sabuni na sufu. Alipomrudishia, vidole vyake vilimgusa nyuma ya masikio. Miwani ilikaa sawasawa. Charu ndiye aliyekaa upande.

Jioni hiyo alijiona mwizi. Alifikiria binti mmoja mahali fulani mjini anayejaribu bangili zake nyekundu, anamwamini mchumba wake, naye Charu amekaa hapa anapaka wanja kwa ajili ya mchumba huyohuyo. Mapenzi ni kikohozi, wamesema, lakini alikusudia kukikata kikohozi hiki kabla mtu hajakisikia. Lokesh alipokuja tena, hati za safari zilikuwa tayari mezani.

"Nimewachagulia Shimla," Charu alisema. "Hoteli ina lifti kwa ajili ya magoti yake. Kitanda kitapambwa maua, keki ipo, na maziwa ya zafarani. Shughuli yetu imekwisha, kaka. Usije tena."

"Bi Charu, kuna jambo nilipaswa kukuambia tangu siku ya kwanza."

"Kamwambie mkeo."

Maharusi wengine wawili waliingia wakati huohuo, bangili zikilia. Charu akawageukia. "Karibuni. Shimla au Manali?" Sauti yake ilitetemeka kidogo, wale maharusi wakadhani ni baridi.

Ulikuwa utaratibu wa ofisi kupiga simu hotelini siku wateja wanapofika. Charu aliahirisha asubuhi nzima, kisha akajikaza.

"Halo, naongea na bibi harusi, Bi Pushpa Bhasin?"

"Bibi harusi?" Sauti ya mama mtu mzima ilicheka hadi ikakatika. "Mwanangu, miaka thelathini na mitatu sijaitwa hivyo. Wewe ndiye binti wa ofisi? Kitanda hiki kimejaa mawaridi, mzee wangu anapiga chafya tangu tumeingia. Na keki imeandikwa 'Maharusi Wapya.' Amekula nusu yake peke yake."

Charu alishika ukingo wa meza. "Lokesh ni nani wako, mama?"

"Mwanangu wa pekee. Sisi tulipooana pesa za fungate zilimwoza wifi yangu. Tangu hapo mimi nasema Shimla, baba yake anasema Manali, mpaka mtoto akachoka akasema mtakwenda tu. Huyo hajaoa, binti yangu, ananipa mawazo. Lakini mwezi huu ananyoa ndevu kila siku, nikajua kuna jambo."

Charu alimtakia mapumziko mema, akakata simu, akapiga nyingine.

"Bi Charu," Lokesh alipokea kwa furaha. "Nimekuwa nikitafuta..."

"Pushpa ni mama yako."

Upande wa pili bisibisi ilianguka mezani.

"Jibu."

"Ni mama yangu."

"Wiki nne, Lokesh. Wiki nne najiona mwizi. Nimemwombea dua binti ambaye hayupo. Nimemwomba Mungu anitolee moyoni mwangu tamaa ya mume wa mtu, na wewe unakula viazi mezani kwangu na unajua." Alikuwa analia na hakujali nani anamwona. "Ulinifanya mchezo."

"Nisikilize. Uliponipa hongera ilikuwa nikuambie palepale. Lakini ulicheka. Halafu nikaona unacheka na mimi kwa sababu umeniona wa mtu. Nikaogopa, nikisema sina mtu utaniita mteja, utafunga sura. Nilikuwa mwoga. Sina utetezi mwingine."

"Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika mwisho wake," Charu alisema, akazima simu.

Hakuipokea simu yake siku sita. Siku ya saba alikuja mwenyewe, hana kikapu cha viazi wala sweta, na pua imemuiva kwa baridi. Alisimama mlangoni kati ya mabango mawili, hakuingia.

"Wazazi wamerudi," alisema. "Mama anasema siku ya tatu walikaa kwenye benchi tangu chai hadi chakula cha mchana na mzee hakusema neno. Akamuuliza, umenuna? Mzee akamwambia, hapana, nimetosheka. Mama ananiambia kama nitamwachilia binti aliyewapeleka Shimla, nisirudi nyumbani."

Charu alipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Sikuja kwa sababu ya mama," Lokesh aliendelea. "Nakupenda, Charu. Nataka kukuoa, kwa jina langu la kweli na hali yangu ya kweli, mbele ya mama yako. Na theluji uliyoniambia hujawahi kuiona, nitakuonyesha mimi. Shimla au Manali, chagua."

Moyo wa Charu ulisema ndiyo. Aliusikia kabisa, na ndiyo maana akauogopa.

"Maisha yangu yote nimeambiwa theluji nitaiona na mume," alisema polepole. "Nikikujibu leo, sitajua nimekubali wewe au nimekubali theluji. Na wewe umeshanidanganya mara moja. Mimi nisije nikajidanganya mara ya pili."

"Kwa hiyo ni hapana?"

"Kwa hiyo ni subiri."

Jioni hiyo alimwambia mama yake wanakwenda Manali, wao wawili.

"Utakwenda na mum..." mama alianza.

"Wewe ulikwenda na mumeo, mama?"

Mama alitazama picha ya marehemu baba, iliyovikwa shada ukutani. Kisha alinyanyuka, na Charu alimsikia akipekua sandukuni, akitafuta soksi za sufu.

Waliifikia theluji asubuhi ya Januari, bonde la Solang, juu kidogo ya Manali. Walikuwa wamekodi mabuti na makoti mazito ya manjano kama watu wote. Mama, mtu wa miaka sitini na moja ambaye Delhi havuki barabara bila kushikwa mkono, aliketi kwenye mpira wa kutelezea akashuka mteremko huku akiita miungu yote kwa majina. Alipofika chini alidai kurudia.

Charu alisimama peke yake. Aliinama, akaichota kwa mkono mtupu. Ilikuwa baridi kuliko alivyowaza, nyepesi kuliko alivyowaza, ikayeyuka kati ya vidole ikamwacha analia kwa raha. Aliipata mwenyewe, na hakuna aliyempa. Alingoja aone kama sasa, baada ya kuipata, yule kijana ataondoka moyoni. Hakuondoka. Akapiga simu.

"Lokesh."

Akasikia pumzi imekatika upande wa pili. Hapakuwa na kaka mbele ya jina.

"Nimesimama ndani yake," alisema.

"Ikoje?"

Charu alitafuta neno, hakulipata, akaacha kutafuta. Lokesh hakuuliza tena. Theluji ilianza kudondoka upya, ikatua kwenye miwani, na yeye akashikilia simu sikioni, akisikiliza nyundo ndogo ya mtu mwingine huko dukani Daryaganj na pumzi za Lokesh karibu kabisa. Hakuna aliyesema kitu. Mama aliteleza mara ya tatu, mara ya nne. Hakuna aliyesema kitu, wala hakuna aliyetamani kusema.

"Upo?" Charu aliuliza mwishowe.

"Nipo."

"Umenuna?"

"Hapana," alisema Lokesh. "Nimetosheka."

Charu alifunga macho. Alikuwa amewauliza swali lile la kunyamaza pamoja maharusi wa miaka tisa, na leo ilikuwa zamu yake.

"Basi mwambie mama yako aje kumwona mama yangu," alisema. "Na hoteli ile yenye lifti uiwekee nafasi wewe. Sisi tunakwenda Shimla."